Maisha ya Antoine Lavoisier, Mkusanya Kodi Aliyeipa Kemia Daftari



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya watu walioongoza majeshi, waliopigania uhuru au walioanzisha mataifa. Safari hii naomba ruhusa yenu nieleze maisha ya mtu ambaye hakuongoza jeshi lolote. Alikuwa mtu wa ofisi na mahesabu ya umma, kama tulivyo wengi wetu tuliotoka shule hii. Alfajiri na usiku alikuwa mtu wa maabara. Jina lake ni Antoine Laurent Lavoisier, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1743 na kuuawa mwaka 1794. Kila mwanafunzi anayepewa zoezi la kusawazisha mlinganyo wa kikemia anafuata njia iliyofunguliwa na mtu huyu, hata kama jina lake hajapata kulisikia.

Nimemchagua kwa sababu moja. Vijana wengi hulichukulia zoezi hilo kuwa mchezo wa tarakimu: tia 2 hapa, tia 3 pale, pande mbili zikilingana chukua alama zako. Wakitoka katika chumba cha mtihani huliacha humo humo. Kumbe nyuma ya tarakimu zile kuna kanuni inayomfaa mwashi wa Mbagala, mpishi wa Kinondoni na mhasibu wa wizara. Kanuni yenyewe ni kwamba katika mabadiliko ya kikemia hakuna kinachopotea. Kisichoonekana kimekwenda mahali fulani, na ni wajibu wetu kupatafuta mahali hapo. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lavoisier ndiye aliyeipa kemia daftari lake.

KUZALIWA NA MASOMO

Lavoisier alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743, katika ukoo wa wanasheria wenye uwezo. Mama yake alifariki naye akiwa na umri wa miaka mitano tu, akalelewa na bibi yake pamoja na mama yake mdogo. Alisoma katika Chuo cha Mazarin, mojawapo ya vyuo vilivyosifika mjini humo, akafunzwa lugha, hesabu na sayansi. Kisha akafuata nyayo za baba yake, akamaliza masomo ya sheria mwaka 1764. Hata hivyo hakupata kufanya kazi ya uwakili. Moyo wake ulikuwa umekwisha vutwa na mihadhara ya kemia, na akawa anafuatana na mtaalamu wa miamba aitwaye Guettard, wakizunguka mikoani kuchunguza mawe na madini.

Mwaka 1766, akiwa kijana wa miaka 22, alipewa nishani ya dhahabu kwa insha yake juu ya njia bora ya kuweka taa katika mitaa ya Paris. Miaka miwili baadaye, mwaka 1768, alichaguliwa kuingia katika Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Ufaransa, wakati wenzake wengi mle ndani walikuwa wazee wenye mvi. Sifa yake moja ilionekana tangu mwanzo: hakukubali neno lolote juu ya vitu mpaka vitu vyenyewe vipande kwenye mizani.

SIKU 101 ZA KUCHEMSHA MAJI

Siku zile watu wengi wa elimu waliamini kwamba maji yakichemshwa kwa muda mrefu hugeuka kuwa udongo. Ushahidi wao ulikuwa kwamba chomboni hubaki unga unga. Hoja hiyo ilikuwa imedumu tangu kale, na waliojaribu kuipinga walijibizana kwa maneno.

Lavoisier alichukua chombo cha kioo kilichofungwa, ambacho mvuke wake ulirudi ndani ukawa maji tena. Alipima kwanza uzito wa chombo kitupu, kisha uzito wa chombo na maji. Akayachemsha kwa siku 101 mfululizo, kuanzia Oktoba 1768. Mwisho wake unga ulionekana kweli. Akapima. Uzito wa chombo na vyote vilivyomo haukubadilika. Akamimina maji, akakausha chombo, akakipima peke yake: kilikuwa kimepungua. Upungufu ule ulikaribiana na uzito wa unga uliopatikana. Maji hayakugeuka udongo hata kidogo. Unga ulikuwa umetoka katika kioo chenyewe, ukiyeyushwa polepole na maji ya moto.

Hapo tazameni namna alivyofikiri. Aliandika kilichokuwapo mwanzo, akaandika kilichokuwapo mwisho, kisha akauliza tofauti imetoka wapi. Ndivyo afanyavyo mkaguzi wa hesabu anapoingia katika bohari: hasikilizi kwanza maelezo ya mtunza bohari, hufungua daftari akahesabu magunia.

KAZI NA NDOA

Mwaka ule ule wa 1768 Lavoisier alinunua hisa katika kampuni ya wakusanyaji wa kodi za mfalme. Serikali ya Ufaransa ya wakati ule haikukusanya yenyewe sehemu kubwa ya kodi zake. Ilikodisha kazi hiyo kwa matajiri; wao walimlipa mfalme kiasi walichopatana, nao wakatoza wananchi kodi ya chumvi, ya tumbaku na ya bidhaa zilizoingia mjini, na ziada ikawa faida yao. Wananchi waliichukia kampuni hiyo kama wazee wetu walivyoichukia kodi ya kichwa. Lavoisier alifanya kazi yake kwa bidii na kwa mahesabu safi, lakini ni kweli pia kwamba utajiri wake ulitoka humo, na mizani yake ya thamani kubwa ilinunuliwa kwa fedha hizo. Jambo hili tulikumbuke, maana ndilo lililomwua.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mwenzake mmoja katika kampuni hiyo. Bibi huyo aliolewa akiwa na miaka 13 tu, desturi ambayo sisi leo tunaipiga vita. Lakini alijiendeleza akawa msaidizi mkuu katika maabara. Alijifunza Kiingereza ili amfasirie mumewe maandishi ya wataalamu wa Uingereza, akaandika kumbukumbu za majaribio, na akachora kwa mkono wake picha za vyombo vyote katika kitabu kikuu cha mumewe. Mabinti mnaosoma sayansi leo mnaye hapo mtangulizi wenu.

Mwaka 1775 Lavoisier alipewa pia usimamizi wa viwanda vya baruti vya serikali, akahamia katika nyumba ya Ghala la Silaha na kujenga humo maabara iliyosifika Ulaya nzima. Pamoja na kazi zote hizo aligawa muda wake kwa nidhamu: sayansi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kisha ofisi, kisha sayansi tena kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Na siku moja nzima katika kila wiki ilikuwa ya majaribio matupu.

SIRI YA MOTO

Wakati ule wataalamu waliamini kwamba kila kinachoungua kina ndani yake kitu kiitwacho flojistoni, na kwamba moto ni flojistoni inayotoka. Kuni huungua yakabaki majivu kidogo. Basi ikaonekana wazi kuwa kuna kilichotoka. Lakini kulikuwa na jambo lililowasumbua. Metali ikichomwa hugeuka unga, na unga huo ni mzito kuliko metali yenyewe. Ikiwa kitu kimetoka, uzito umeongezekaje? Baadhi yao walifika hata kudai kwamba flojistoni ina uzito wa kinyume.

Mwaka 1772 Lavoisier alipima salfa na fosforasi, akaona kwamba navyo vikiungua huongezeka uzito. Mwaka 1774 alitia madini ya bati, yale yanayopakwa ndani ya makopo, katika chombo cha kioo, akakiziba kabisa na kukichoma. Bati likafanya unga. Alipokipima chombo kikiwa bado kimezibwa, uzito ulikuwa ule ule wa mwanzo. Alipokifungua, hewa iliingia kwa kishindo, na hapo uzito ukaongezeka. Kwa hiyo bati lilikuwa limeshika sehemu ya hewa ya ndani, na hewa ya nje ilikuja kujaza nafasi iliyoachwa.

Mwezi Oktoba mwaka huo Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris, akasimulia mezani juu ya hewa ya ajabu aliyoipata kwa kuchoma unga mwekundu wa zebaki, hewa ambayo mshumaa huwaka ndani yake kwa nguvu. Scheele wa Sweden naye alikuwa ameipata kwa njia yake. Lavoisier hakuwapa watu hawa heshima yote waliyostahili, na hiyo ni doa katika sifa zake. Lakini ni yeye aliyeelewa maana ya hewa ile. Alichemsha zebaki pamoja na hewa kwa siku 12. Hewa ikapungua kiasi cha inchi 8 za ujazo, na juu ya zebaki ukatokea unga mwekundu. Akaukusanya unga huo, akauchoma kwa moto mkali zaidi, akarudishiwa zebaki yake pamoja na hewa ya inchi za ujazo kati ya 7 na 8. Kilichotwaliwa kilirudishwa. Hewa hiyo akaiita oksijeni, na flojistoni ikapoteza kazi yake duniani.

MAANA YA KUSAWAZISHA

Mwaka 1789 Lavoisier alitoa kitabu chake kikuu cha misingi ya kemia. Humo aliorodhesha elementi 33, na baadhi yake, kama vile nuru na joto, baadaye zikaonekana si elementi. Lakini kanuni aliyoieleza katika sura ya kuchachuka kwa divai imebaki imara: katika kila badiliko la kikemia, uzito wa vitu kabla ni sawa na uzito wa vitu baada. Kutokana na hayo aliona kwamba badiliko lolote laweza kuandikwa kama mlinganyo wa aljebra, upande huu vilivyoingia, upande ule vilivyotoka.

Mgema wetu wa mnazi anaijua habari hiyo kwa vitendo. Tembo linapochachuka hutoa povu na mlio, na kibuyu kikizibwa sana hupasuka. Sukari haipotei, inagawanyika. Gramu 180 za sukari aina ya glukosi hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za hewa ya ukaa. Jumlisheni wenyewe. Karibu nusu ya sukari imepanda juu kama mapovu, na asiyeyaweka mapovu katika hesabu atasema kwamba mali imeibiwa. Tarakimu za Lavoisier mwenyewe juu ya sukari zilirekebishwa na waliomfuata, lakini waliomrekebisha walitumia daftari lile lile alilowaachia.

Alama tunazotumia leo si zake. Berzelius wa Sweden alizipendekeza mwaka 1813, baada ya Dalton wa Uingereza kueleza habari za atomi. Tangu hapo daftari la uzito likawa pia daftari la kuhesabu atomi moja moja.

Tuyalete haya kwetu kwa mfano mmoja. Katika viwanja vya Temeke na Kinondoni mtaziona nondo zimesimama juu ya nguzo, zikimngoja mwenye nyumba apate fedha ya kumalizia ujenzi. Upepo wa bahari wenye chumvi huzipiga, zikashika kutu. Kutu ina maji pia ndani yake, lakini kwa ufupi chuma kimeungana na oksijeni:

Fe + O₂ → Fe₂O₃

Hivyo ilivyo, hesabu imekataa. Kushoto kuna atomi 1 ya chuma na 2 za oksijeni. Kulia kuna 2 za chuma na 3 za oksijeni. Atomi moja ya chuma na moja ya oksijeni zimetoka wapi? Tunaanza na oksijeni: 2 na 3 hukutana katika 6, kwa hiyo tunaweka 3 mbele ya O₂ na 2 mbele ya Fe₂O₃. Sasa kulia kuna chuma 4, basi na kushoto tuweke 4:

4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃

Atomi ya chuma ina uzito wa 56 na ya oksijeni 16. Gramu 224 za chuma pamoja na gramu 96 za oksijeni zimetoa gramu 320. Daftari limefunga. Mwenye nyumba akiona nondo yake inapukutika asidhani chuma kimetoweka. Kimeungana na hewa kikawa kitu kingine kisichoweza kubeba zege. Anayezipaka saruji nyepesi au rangi nondo zake anamzuia mshirika wa pili, yaani hewa, asiingie katika mlinganyo.

Vijana, jihadharini na kosa moja. Tarakimu kubwa ya mbele mna ruhusa ya kuibadili. Tarakimu ndogo ya ndani hamna. Maji ni H₂O. Ukiongeza 2 ndogo chini ya O ili hesabu ikubali, umeandika H₂O₂, nayo ni dawa ya kusafishia vidonda na kung'arishia nywele. Hiyo ni sawa na karani anayebadili jina la bidhaa katika vitabu ili jumla itimie. Jumla imetimia, lakini bohari ina kitu kingine.

CHOKAA, MATUMBAWE NA SARUJI

Pwani yetu ina mfano mzuri kuliko nondo. Mababu waliojenga Kilwa na Bagamoyo walichoma mawe ya matumbawe katika matanuri ya kuni wakapata chokaa. Mafundi wale walijua kwamba jiwe likitoka motoni huwa jepesi. Mlinganyo unatueleza ni jepesi kwa kiasi gani:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 za chokaa mbichi; kilo 44 hupaa kama hewa ya ukaa. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji kilo 18 huchemka yenyewe, ikawa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Ikishapakwa ukutani, huvuta tena polepole zile kilo 44 za ukaa kutoka hewani na kuachia zile kilo 18 za maji. Ukuta umerudi kuwa jiwe la kilo 100. Kwa hiyo kuta za kale za Kilwa zilifungamana kwa mkopo wa hewa uliolipwa senti kwa senti.

Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kule Tegeta katika Wilaya ya Kinondoni, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na mawe yake ya chokaa yanachomwa kwa kanuni hiyo hiyo. Ndiyo sababu leo, dunia inapohesabu hewa inayoleta joto, viwanda vya saruji vya nchi zote vinatajwa: sehemu kubwa ya ukaa wao haitoki katika mafuta tu, inatoka ndani ya jiwe lenyewe. Hakuna meneja awezaye kuifuta ile 44 kwa kununua tanuri jipya. Anaweza tu kupunguza jiwe linalochomwa, au kuikamata hewa inayotoka.

PUMZI NA JIKO LA MKAA

Nirudi kwa Lavoisier. Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, akishirikiana na mwanahisabati Laplace, alimweka mnyama mdogo aitwaye simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Walipima barafu iliyoyeyuka kwa joto la mwili wake na ukaa alioutoa kwa pumzi, wakalinganisha na mkaa unaoungua. Hesabu zilikaribiana. Wakahitimisha kwamba kupumua ni aina ya kuungua polepole: mwili unatumia oksijeni na kutoa ukaa, kama jiko.

Nawaomba wasomaji mpaweke moyoni hapa, maana pana uhai wa watu. Katika mitaa yetu wengi wanaishi katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, na mvua za masika zikinyesha jiko la mkaa huingizwa ndani, mlango ukafungwa. Mkaa ukipata hewa ya kutosha huungua hivi:

C + O₂ → CO₂

Kwa uzito, kila kilo 1 ya kaboni inataka kilo 2.67 za oksijeni. Hewa ina oksijeni kiasi cha asilimia 23 kwa uzito, kwa hiyo kilo hiyo moja inakula oksijeni ya karibu mita 10 za ujazo za hewa. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kimo cha futi 9 kina mita za ujazo 25 na kidogo. Kilo moja tu imekwisha kumaliza zaidi ya theluthi ya oksijeni yote, na waliolala mle ndani wanaihitaji hiyo hiyo. Tena jiko halingoji oksijeni iishe. Hewa ikipungua, mlinganyo hubadilika:

2C + O₂ → 2CO

Tazameni tarakimu. Oksijeni ile ile sasa inagawanywa kwa kaboni mbili badala ya moja. Kitu kinachotoka, kaboni monoksaidi, hakina rangi wala harufu. Kikiingia mapafuni hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia usingizi, na usingizi ule huenda usiwe na asubuhi. Majirani husema ni uchawi. Si uchawi, ni 2 iliyokaa mbele ya C. Kwa hiyo jiko la mkaa likae nje au mahali penye hewa tele, na kamwe lisilale chumbani na watu, hata likionekana limefifia. Mwanafunzi anayeujua mlinganyo huu na kuunyamazia nyumbani kwao ameusoma bure.

KODI, MAPINDUZI NA KIFO

Katika miaka ya 1780 kampuni ya kodi ilijenga ukuta kuuzunguka mji wa Paris ili bidhaa zisipenyezwe bila kulipiwa ushuru. Lavoisier ndiye aliyetoa wazo hilo. Kwa mahesabu lilikuwa wazo sahihi; kwa wananchi wenye njaa lilikuwa kama kitanzi shingoni. Ni kweli pia kwamba alitumia shamba lake kutafuta kilimo bora, na wakati wa njaa aliukopesha mji wa Blois fedha za kununulia nafaka. Lakini ukuta ulionekana na kila mtu, na mkopo ulijulikana na wachache.

Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789 Lavoisier aliyaunga mkono kwa mengi. Alitumika katika tume iliyoweka vipimo vipya, na mwaka 1793 yeye na mwenzake Haüy walipima uzito wa maji ili kupata kipimo cha kilo. Kilo tunayopimiwa unga na sukari dukani Tandika ina jasho lake. Hata hivyo kampuni ya kodi ilifutwa mwaka 1791, Chuo cha Sayansi kikafungwa Agosti 1793, na Novemba mwaka huo ikatoka amri ya kuwakamata wakusanya kodi wote wa zamani. Alijisalimisha mwenyewe.

Walishitakiwa kwa kulanyang'anya taifa mamilioni, kutia maji katika tumbaku na kula njama dhidi ya wananchi. Kesi ilisikilizwa asubuhi ya tarehe 8 Mei 1794, na siku hiyo hiyo watu 28 walikatwa vichwa kwa gilotini. Baba mkwe wake alikuwa wa tatu, yeye wa nne. Alikuwa na umri wa miaka 50. Kuna maneno mengi yanayosimuliwa kuwa yalisemwa na hakimu siku ile, lakini hayana ushahidi, nami sitayarudia. Kinachojulikana ni kwamba hesabu ya washitakiwa haikupimwa kwa utulivu kabla ya hukumu.

Mkewe naye alifungwa kwa muda, kisha akaachiwa na kurudishiwa mali na vitabu vya mumewe. Aliyatoa maandishi ya mwisho ya marehemu, akaishi hadi mwaka 1836. Miaka kadhaa baada ya kifo kile vitabu vya kampuni vilikaguliwa upya, ikaonekana kwamba haikuwa ikidaiwa yale mamilioni iliyosingiziwa. Hazina ya taifa ndiyo iliyokuwa na deni kwake. Daftari lilifunga, lakini vichwa havikurudi. Sitaki kusema kwamba kodi ile ilikuwa ya haki. Nasema kwamba dhuluma ya mfumo ni jambo moja, na mashitaka yasiyopimwa ni jambo lingine, na taifa linalochanganya mawili hayo hupoteza watu ambao haliwezi kuwafanya tena.

FUNDISHO KWETU

Ndugu zangu, tuliosoma hapa tumetawanyika katika kazi nyingi. Wako wanaotunza dawa hospitalini, wako wa viwandani, wako tunaosaini vocha katika ofisi za serikali. Kwa sote kanuni ya Lavoisier ni moja. Vilivyoingia viandikwe, vilivyotoka viandikwe, na pengo likionekana lisizibwe kwa kalamu. Litafutwe mpaka lijulikane limekwenda wapi. Huenda ni mapovu yaliyopaa kwa haki yake. Huenda ni mwizi. Asiyepima hawezi kuvitofautisha.

Kwa vijana walio madarasani: mkipewa mlinganyo, msiishie kwenye tarakimu. Ulizeni ni kitu gani hiki, kinatoka wapi, kinakwenda kwa nani, na kikipungua nani ataumia. Zidisheni uzito mjionee wenyewe kwamba pande mbili ni sawa.

Kwa wahitimu wenzangu: tunapokutana kula pilau na kukumbushana majina ya utani, tuikumbuke pia maabara. Mizani moja nzuri, yenye kupima sehemu ndogo za gramu, itamfundisha kijana zaidi ya hotuba zetu zote. Mwenye uwezo wa kuchangia na achangie, na mchango wake uandikwe daftarini.